Kutoka Daftari la Buguruni hadi Wingu: Chuo Kikuu na Mahali pa Kazi katika Historia ya Kompyuta Nchini

Barabara ya Uhuru huanzia Mnazi Mmoja, ikapita kandokando ya Kariakoo na katikati ya Ilala, hata ikafika Buguruni na kukutana na Barabara ya Nelson Mandela. Barabara hii ya pili hutoka upande wa bandari, hupita TAZARA, huikata Buguruni na kuelekea Ubungo, ambako msafiri akiendelea mbele kidogo hufika Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Buguruni ni mtaa wa soko, wa mafundi wa kuchomelea vyuma, wa washonaji na wachuuzi, na Reli ya Kati hupita humo humo. Mtu akiambiwa kwamba katika mtaa kama huu yapo mambo yanayohusu utungaji wa programu za kompyuta, huenda akacheka. Hudhani kwamba mambo hayo ni ya Mlimani, au ya Ulaya na Marekani.

Insha hii inakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Historia ya kompyuta katika nchi yetu inatufundisha kwamba chombo hakiwi mali ya taifa kwa sababu taifa limekinunua. Huwa mali yake pale watu wake wanapojifunza kukitengeneza huku wakikitumia katika kazi zao. Jambo hilo haliwezekani ila chuo na mahali pa kazi vishikane mikono.

Ushirikiano wa namna hiyo si jambo geni katika utamaduni wetu. Tangu zamani fundi wa jahazi, mhunzi, mchonga milango na mshonaji hawakumfundisha mwanagenzi wao kwa maneno matupu. Mwanagenzi alikaa na fundi, akashika msumari na randa, akaharibu na kutengeneza, mpaka siku aliporuhusiwa kufanya kazi yake mwenyewe. Elimu na kazi vilikaa chini ya paa moja. Shule za kikoloni ndizo zilizovitenganisha, zikamfanya mwanafunzi aamini kwamba kusoma ni njia ya kuikimbia kazi ya mikono. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya chuo kikuu kushirikiana na viwanda, hospitali na ofisi, tunazungumza juu ya kurudisha kitu tulichokuwa nacho, ingawa kwa vyombo vipya.

Chuo Kikuu chetu kilianza kwa unyenyekevu. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, hapo hapo Mnazi Mmoja, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiotimia ishirini. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Nchi ilihitaji wanasheria, walimu na madaktari, lakini ilihitaji pia watu wa kuendesha mitambo iliyokuwa ikiongezeka katika viwanda vipya, kama vile kile cha nguo cha Urafiki kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilianzishwa. Tangu mwanzo kitivo hicho kiliweka utaratibu kwamba mwanafunzi asipate shahada kwa kusoma darasani peke yake, bali apelekwe viwandani kwa majuma kadhaa katika miaka yake ya masomo, avae ovaroli na kufanya kazi chini ya mafundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaundwa pia taasisi ya Chuo Kikuu ya kubuni mitambo ya uzalishaji, ili yale yaliyogunduliwa Mlimani yapate kuwafikia wakulima na wenye viwanda vidogo.

Hali ya kompyuta ilikuwa tofauti. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine kubwa na ya gharama, na wataalamu wa kuielewa hapa nchini walikuwa wachache mno. Mashine ilitoka nje, programu zilitoka nje, na kwa sehemu kubwa watu wa kuzitunga na kuzirekebisha walikuwa wageni pia. Hesabu za Serikali zilizoingizwa humo hazikuleta manufaa yaliyotarajiwa, na fedha za kigeni zilizotumika zilikuwa nyingi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hiyo ilidumu kwa miaka mingi. Ililegezwa kidogo kidogo, na ikaondolewa katika miaka ya 1990.

Mwaka huo huo wa 1974, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikatoa azimio kwamba elimu ifungamane na kazi, na kwamba kijana amalizapo sekondari afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Maamuzi haya mawili yalitolewa mahali tofauti na kwa sababu tofauti. Hata hivyo, mwenye kutafakari ataona kwamba yanazungukia shaka moja. Azimio la Musoma lilitilia shaka elimu isiyojua kazi, na marufuku ya kompyuta ilitilia shaka chombo ambacho wafanyakazi wetu hawakujua undani wake. Wapo waliosema baadaye kwamba marufuku hiyo ilituchelewesha, na hoja yao ina uzito, kwa maana vijana wa miaka ile hawakupata nafasi ya kujifunza kwa kushika. Lakini kosa lililotangulia lilikuwa la kuleta mashine bila kuandaa watu. Kuifungia mashine nje hakukuwapa watu ujuzi uliokosekana.

Sasa na tuirudie Buguruni. Kama mitaa mingine ya jiji, Buguruni ina huduma za afya ambazo kila siku hupokea akina mama wajawazito, watoto wa kupimwa uzito na wagonjwa wa homa. Kila anayehudumiwa huandikwa. Tangu mwaka 1993 nchi yetu imekuwa na utaratibu mmoja wa kuandika mambo hayo, uitwao Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao kila muuguzi huujua kwa jina la kifupi la MTUHA. Ni mfumo wa vitabu. Kipo kitabu cha wagonjwa wa nje, kipo cha wajawazito, kipo cha watoto, na kadhalika. Mwisho wa mwezi muuguzi hukaa chini akajumlisha, akajaza fomu, na fomu hiyo hupelekwa kwa Mganga Mkuu wa wilaya. Kutoka hapo hesabu hupanda mkoani, na kutoka mkoani hufika wizarani.

Mfumo huo ulikuwa hatua kubwa, kwa sababu kabla yake kila mpango wa afya ulikuwa na fomu zake. Lakini safari ya tarakimu ilikuwa ndefu na yenye mashaka. Fomu zilichelewa, nyingine zilipotea, na jumla iliyokosewa kituoni iliendelea kukosewa mpaka juu. Zaidi ya hayo, tarakimu zilipanda lakini hazikushuka. Muuguzi aliyeziandika hakuambiwa zilionyesha nini, wala kama dawa alizopelekewa zilitokana na hesabu yake. Mtu anayeandika asichokitumia huandika kwa uvivu. Huo si upungufu wa tabia. Ni upungufu wa mfumo.

Hapo ndipo chuo kikuu kilipoingia. Mwaka 1994, nchini Afrika Kusini, watafiti wa huko pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway walianzisha mpango wa kutengeneza programu ya takwimu za afya kwa ajili ya wilaya, si kwa ajili ya makao makuu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango huo, ujulikanao kwa kifupi kama HISP, ulifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukafanywa na idara ya sayansi ya kompyuta kwa kushirikiana na Wizara ya Afya. Programu yenyewe huitwa DHIS, na toleo lake la pili, DHIS2, lilianza kutungwa katikati ya miaka hiyo ya 2000. Ni programu huria. Maana yake ni kwamba maandishi yake ya ndani hayafichwi: mwenye ujuzi huweza kuyasoma, kuyabadilisha na kuyatumia bila kulipia leseni.

Kilichofanya kazi hii iwe tofauti na ile ya mwaka 1965 ni namna ilivyofundishwa. Watafiti na wanafunzi wa shahada za juu hawakukaa maabara wakangoja kupewa maelezo. Walikwenda wilayani na vituoni, wakakaa na wauguzi na waganga, wakafunua vitabu vya MTUHA na kuuliza. Mtaalamu wa programu hujifunza mengi mahali kama hapo. Kwa mfano, anapotaka kuhesabu watoto, hana budi kwanza kujua kama kitabu hiki kinasema watoto wa chini ya mwaka mmoja na kile kinasema wa chini ya miaka mitano, maana kompyuta itajumlisha vyote bila kulalamika, na jumla itakuwa uongo ulioandikwa vizuri. Muuguzi ndiye anayelijua jambo hilo. Kwa hiyo katika darasa hilo muuguzi alikuwa mwalimu na msomi wa chuo kikuu alikuwa mwanagenzi. Msomi naye aliporudi na programu iliyorekebishwa, zamu ya kufundisha ikawa yake.

Tatizo lililobaki lilikuwa la mawasiliano. Katika miaka ya mwanzo programu iliwekwa katika kompyuta ya kila wilaya, na takwimu zilibebwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kompyuta moja ikiharibika au ikiingiliwa na virusi, kazi ya miezi ilipotea, na nakala za wilaya na za mkoa hazikulingana. Mabadiliko yalikuja pale nyaya za mawasiliano za baharini zilipofika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ulipoanza kusambazwa mikoani. Kuanzia hapo iliwezekana programu moja na hifadhi moja ya takwimu viwekwe mahali pamoja, na kila wilaya ivifikie kwa njia ya intaneti.

Utaratibu huo ndio ambao wataalamu wameupa jina la wingu. Jina lisimtishe msomaji. Hakuna kilichoko angani. Wingu ni kompyuta zenye nguvu, ziitwazo seva, zilizowekwa katika jumba lenye umeme wa uhakika, ubaridi na ulinzi, ambazo watu wengi huzitumia kutoka mbali kama vile wakazi wa mtaa watekavyo maji katika kisima kimoja. Faida yake ni kwamba kisima kikisafishwa mara moja wote hunywa maji safi. Hatari yake ni kwamba mwenye kisima akikifunga, mtaa mzima hulala na kiu. Kwa hiyo swali la nani amechimba kisima, na nani ana ufunguo wake, si dogo.

Kenya ilitangulia katika eneo letu kwa kuitumia DHIS2 nchi nzima kwa njia ya intaneti mwaka 2011. Tanzania ilianza kwa majaribio katika Mkoa wa Pwani, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 mfumo ulikuwa umeenea katika wilaya zote za Tanzania Bara. Hesabu inayotoka Buguruni sasa huingizwa katika mfumo huo kupitia halmashauri yake, ambayo ilikuwa Manispaa ya Ilala na tangu mwaka 2021 ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Daktari wa wilaya na mtaalamu wa wizara huiona tarakimu ile ile, bila kungoja bahasha. Nayo programu imekuwa ikitumika katika nchi zaidi ya 70 duniani, na baadhi ya sehemu zake zilitungwa na vijana wetu wa Dar es Salaam. Hilo ni jambo la kujivunia, maana vijana hao hawakupokea tu, bali walitoa.

Somo hili lina upande wa lugha pia, na katika mkusanyiko wa insha za utamaduni haifai kuupita kimya. Programu ni maandishi. Mfanyakazi asiyeyaelewa hukariri mahali pa kubonyeza, na siku kitufe kikihama hupotea njia. Mnamo mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, kilifanya kazi ya kutafsiri programu huria za ofisini, na mwezi Desemba mwaka huo ilitolewa programu iliyoitwa Jambo OpenOffice. Wataalamu wa kompyuta na wataalamu wa Kiswahili walilazimika kukaa meza moja. Huyu alieleza kitu kinachofanywa na mashine, na yule alitafuta neno. Kazi hiyo ilikuwa na mizizi mirefu, kwa maana Mlimani ilikuwapo tayari taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwa limeundwa tangu mwaka 1967. Leo tunasema faili, hariri, hifadhi, tovuti na barua pepe bila kufikiri, lakini kila neno kati ya hayo lilipaswa kuchaguliwa na kuzoeshwa. Wenzetu wa Kenya wakasema tarakilishi, sisi wengi tukabaki na kompyuta. Mjadala huo ni dalili ya afya, kwa sababu watu hawabishani juu ya jina la kitu ambacho hawakijali.

Ushahidi mwingine tunaupata Wizara ya Fedha, pale pale historia ilipoanzia. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangaza kujitegemea, ilhali mashine ya Hazina ilitegemea wageni. Nusu karne baadaye, mwaka 2017, Wizara hiyo ilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kukusanya mapato ya Serikali, ujulikanao kama GePG, uliotungwa na wataalamu wa humu nchini. Mkazi wa Buguruni anayelipia ankara ya maji au ada ya Serikali kwa simu yake, akiwa na kumbukumbu namba ya malipo, anatumia mfumo huo. Mtu akilinganisha mwaka 1965 na mwaka 2017 ataona kwamba tofauti kubwa haimo katika mashine. Kati ya miaka hiyo miwili walipatikana watu, na watu hao walipatikana kwa kusomeshwa na kwa kupewa kazi ya kweli.

Hata hivyo, haifai tujisifu kupita kiasi. Yapo mapungufu matatu ambayo mwalimu na mwanafunzi hawana budi kuyajua.

La kwanza ni fedha. Sehemu kubwa ya kazi ya takwimu za afya imelipiwa na wafadhili wa nje. Mfadhili ana haki ya kubadili mawazo, na akibadili, mtungaji wa programu aliyeandaliwa kwa miaka kumi hutafuta ajira kwingine. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ikiwa kampuni za simu, benki na viwanda vyetu vinawahitaji wahitimu wa Kijitonyama, ambako Chuo Kikuu kina ndaki yake ya teknolojia ya habari, basi navyo vichangie kuwalea, kwa fedha, kwa vifaa na kwa kutoa wataalamu wao wakafundishe.

La pili ni ubora wa mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi anayepelekwa ofisini kwa majuma nane akaishia kupiga nakala za karatasi hakufundishwa kazi. Alihifadhiwa tu. Mwenye ofisi amwonyeshe tatizo lake halisi, na mhadhiri afike amwone mwanafunzi wake akilishughulikia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Chuo peke yake hakiwezi, na ofisi peke yake haiwezi.

La tatu ni ulinzi wa siri za watu. Tarakimu ya Buguruni ni mama fulani, mtoto fulani. Zilipokuwa katika daftari, siri ilifungwa kabatini. Zikiwa katika wingu, mlango ni mpana zaidi. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na sheria hiyo ilianza kutumika mwaka 2023. Lakini sheria huhitaji mafundi wanaoielewa, na fundi anayetunga programu ya hospitali afundishwe heshima ya mgonjwa pamoja na hesabu za mashine. Elimu hiyo haipatikani kwa kuisoma kitabuni tu. Hupatikana kwa kukaa kituoni, kumwona mama akiteremsha sauti anapotaja ugonjwa wake.

Mwalimu wa sekondari asidhani kwamba mambo haya yanaanzia chuo kikuu. Anaweza kuwapeleka wanafunzi wake sokoni Buguruni wakamwulize mwuza nafaka anavyoweka hesabu za mikopo, kisha warudi darasani waoneshe kwa kalamu na karatasi ni mambo gani lazima yaandikwe, yapi yamerudiwa bure, na nani asiruhusiwe kuyaona. Akifanya hivyo atakuwa ameanza kufundisha utungaji wa programu, hata kama shuleni kwake kompyuta ni moja. Atakuwa amewafundisha pia kwamba mwuza nafaka anajua jambo ambalo wao hawalijui, nalo ni somo ambalo wasomi wengi hulipata wakiwa wamechelewa.

Mwaka 1974 tuliufunga mlango kwa sababu tuliona mashine ikiingia bila watu wetu. Mlango sasa u wazi, na mashine zinaingia kila siku, nyingi zikiwa zimekwisha tungwa na kufungwa na watu wa mbali. Tukiwatenga wanafunzi wetu na mahali pa kazi, tutarudi kwenye Hazina ya mwaka 1965, tukiwa watumiaji wa kisima ambacho ufunguo wake uko kwa wengine. Tukiwapeleka vijana kwa wauguzi, mafundi na wachuuzi, na tukiwaita hao waje kutufundisha, tutakuwa tumeurudisha uanagenzi wa wazee wetu katika kazi za zama hizi, na tarakimu ndogo inayoandikwa Buguruni itakuwa yetu tangu daftarini hadi winguni.